Mtoto akianza uji, ziwa halijamaliza kazi

Katika zahanati zetu za Handeni na Korogwe, akina mama wenye watoto wa miezi sita hadi kumi hufika na maneno yanayofanana. "Tabibu, tangu nimemwanzishia uji hanyonyi kama zamani." "Maziwa yamekauka." "Mwanangu amelikataa ziwa." Wengi wao hawaji kuuliza. Wanakuja kutoa taarifa tu, kwani nyumbani uamuzi umekwishapita: mama mkwe amesema mtoto amekua, wifi amesema matiti yamelegea hayana kitu, na leo ni siku ya tatu mtoto analala kwa uji wa chupa. Wiki hii, inshaallah, tuliangalie jambo hili kwa utulivu, maana mengi yanayoitwa "kukataa ziwa" siyo kukataa, na mengi yanayoitwa "kukauka" tumeyasababisha wenyewe.

Utafiti wa Demografia na Afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Katika utafiti wa 2015/16 walikuwa asilimia 34. Kumekuwa na nafuu, alhamdulillah, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Sehemu kubwa ya udumavu huo huingia kimyakimya kati ya miezi sita na miaka miwili, kipindi hiki hiki ambacho sufuria la uji linaingia na ziwa linatolewa.

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Siyo kwamba yamekuwa mabaya au mepesi, bali mtoto ndiye aliyekua. Akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni inaelekea kwisha, na mwili unadai zaidi. Hapo ndipo tunapoanza chakula cha nyongeza, na jina lenyewe linajieleza: ni cha nyongeza, siyo cha badala. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori zipatazo 200 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Akifika miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na kuanzia mwaka mmoja hadi miwili ni 550. Zilizobaki zote zinatoka ziwani. Katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, nusu au zaidi ya nguvu ya mtoto bado ni maziwa ya mama, na katika mwaka wa pili ni kama theluthi moja. Kwa hiyo mtoto wa miezi saba anayeondolewa ziwani na kuwekwa kwenye uji mtupu amenyang'anywa zaidi ya nusu ya chakula chake, na nyumba nzima inadhani ameongezewa.

Sasa tazama mabadiliko ambayo ni ya kawaida kabisa. Vipindi vya kunyonya vinapungua: aliyekuwa akinyonya mara kumi kwa usiku na mchana anaweza kufika mara saba au nane. Ananyonya kwa haraka kwa sababu kinywa kimepata nguvu, dakika tano amemaliza. Amekuwa mdadisi: jogoo akiwika anaachia titi na kugeuka, bodaboda ikipita anaachia tena. Kisha usiku, giza likiwa limetulia, ananyonya kufidia, na mama anadhani mtoto amepata tabia mbaya. Choo kinakuwa kizito, kina harufu, na kinaonesha alichokula. Akila mchicha atatoa kijani. Huko siyo kuharisha. Na matiti ya mama hayajai wala kuvuja kama miezi ya mwanzo, kwani mwili umeshajua kiasi kinachotakiwa. Titi laini siyo titi tupu.

Hata uzito hubadilika mwendo. Mtoto aliyekuwa akiongeza zaidi ya nusu kilo kwa mwezi, baada ya miezi sita huongeza robo kilo au zaidi kidogo. Mstari kwenye kadi ya kliniki unapunguza mwinuko, na hilo lisikutishe. Cha kutisha ni mstari uliolala au ulioshuka.

Maziwa hukauka vipi basi? Wakazi wa Handeni wanaochimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka wataelewa upesi. Kisima kinachochotwa kila siku kinabaki wazi na maji yanazidi kuchuruzika. Kikiachwa siku chache, mchanga unakifukia. Titi liko hivyo. Mtoto akinyonya, mwili unapata habari kwamba maziwa yametoka na unatengeneza mengine. Maziwa yakibaki ndani, mwili unapunguza.

Fuatilia asubuhi moja katika nyumba nyingi. Mama ana haraka ya kwenda kupalilia, anamjaza mtoto kikombe cha uji. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba chini kidogo ya robo lita, basi limejaa. Mama anatoa titi, mtoto anageuza uso. "Hataki." Titi linabaki na maziwa yake hadi mchana. Jioni mtoto analia, anaongezewa uji. Kesho vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu mama anasema maziwa yamekauka, na kweli yamepungua. Kilichoyapunguza ni kile kikombe kilichotangulia.

Kwa hiyo kwa mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja, ziwa litangulie. Mnyonyeshe titi la kwanza mpaka aachie mwenyewe, mpe la pili, kisha chakula kifuate baada ya muda mfupi. Akishavuka mwaka mmoja mnaweza kugeuza, chakula kikatangulia na ziwa likafuata. Usiku usimnyime, kwani kichocheo kinachotengeneza maziwa hufanya kazi zaidi nyakati za usiku, na mama anayekata kunyonyesha usiku mara nyingi huona na ya mchana yakipungua. Ikiwa yameshapungua, usikate tamaa. Mrudishe mtoto ziwani mara kwa mara, kabla ya kila mlo na kila anapoamka, lala naye kifuani ngozi kwa ngozi pale mnapopata faragha, na mpe nafasi ya wiki moja au mbili. Kwa wengi maziwa huongezeka tena. Mama naye ale mlo mmoja zaidi ya kawaida yake na anywe maji kila asikiapo kiu. Baba msomaji, mlo huo ni sehemu ya nafaka yako kwa mwanao.

Tuje kwenye uji wenyewe, maana hapa ndipo hasara ya pili ilipo. Uji wetu wa kunyweka, ule unaotiririka, ni maji yenye rangi ya mahindi. Unajaza tumbo na kulifukuza ziwa, kisha hauachi nguvu yoyote. Chota kijiko, kiinamishe: uji ukimwagika kama chai, bado. Ukibaki kijikoni na kudondoka kwa uvivu, huo ndio. Mwanzoni vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha, mara mbili hadi tatu kwa siku, na taratibu vifikie nusu ya kikombe cha robo lita. Kuanzia miezi tisa apate mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati kama tunda. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ya plastiki humfundisha mtoto kunyonya kivingine akalisahau ziwa, na kuisafisha vizuri ni kazi ambayo nyumba yenye ndoo mbili za maji kwa siku haiwezi.

Wala uji usiende peke yake. Handeni tuna mbaazi na kunde. Zichemshe ziive sana, zikamue maganda yatoke, changanya na uji au ugali laini. Korogwe, soko la Manundu linapokea ndizi, parachichi na mboga kutoka milima ya Usambara. Dagaa waliosagwa, yai lililoiva vizuri, boga, papai, machungwa yetu yenyewe, vyote ni vyakula vya mtoto wa miezi sita na kuendelea. Vitu vya asili ya nyama, samaki na mayai ndivyo vyenye madini ya chuma yanayoshika mwilini upesi, usivisubirishe mpaka mtoto aote meno.

Nina neno kuhusu unga wa lishe. Imekuwa fahari kuchanganya mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga katika mfuko mmoja na kuuhifadhi miezi mitatu. Nafaka nne hazina faida kubwa kuliko moja, na karanga zikisagwa pamoja na nafaka unga unachacha mapema. La hatari zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani zetu. Haitoki kwa kuchemsha. Anika mahindi juu ya turubai, siyo chini. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la ukungu, uzitupe kabisa, usiwape hata kuku. Karanga saga kidogo kidogo pembeni, uzitie wakati wa kupika. Na asali, ambayo wafugaji wa nyuki wa Handeni wanatuletea nzuri sana, asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata kwenye uji, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli na pumzi ya mtoto mchanga.

Chakula kinapoingia, uchafu nao unapata mlango. Handeni na shida ya maji ni hadithi ya miaka mingi, na yapo maji ya malambo ambayo mifugo nayo inakunywa. Maji ya mtoto yachemshwe yatokote. Mikono ya anayemlisha ioshwe kwa sabuni, na ya mtoto pia, hata kama anayelisha ametoka kutawadha sasa hivi. Udhu ni ibada, sabuni ni ya kuondoa vijidudu, na kimoja hakizuii kingine. Uji uliolala usipashwe ukapewa mtoto. Akiharisha, usiliondoe ziwa. Ongeza kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kutoka zahanati.

Kuna kukataa ziwa ambako ni kweli, na dalili yake ni kwamba kumekuja ghafla. Jana alinyonya, leo analishika titi, anaachia, analia. Tafuta sababu kwa mtoto kwanza: mafua yaliyoziba pua asiweze kupumua akinyonya, utando mweupe au vidonda mdomoni, sikio linalouma, fizi za meno, homa. Huku kwetu homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kisha tazama kwa mama: manukato au sabuni mpya, kuanza siku za mwezi ambazo kwa siku chache huweza kubadili kidogo ladha ya maziwa, au safari ya siku mbili iliyomwacha mtoto na bibi. Kukataa kwa namna hii kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Mnyonyeshe akiwa na usingizi, mahali pa kimya, na ukamue maziwa umpe kwa kikombe ili titi lisikauke. Lakini mtoto asiyeweza kabisa kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri, huyo si wa kusubiri asubuhi. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Sasa nifike pale ambapo akina mama hunong'ona. Mtoto akianza kukonda baada ya kuanzishiwa uji, mtaani neno la kwanza ni "kabemendwa". Maana yake, kwa wasiojua, ni kwamba wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja ametoka nje ya ndoa, au mama ameshika mimba, na maziwa "yameharibika" yakamdhuru mtoto. Nimeona ndoa zikitikisika kwa neno hili. Nimeona mama mwenye mtoto wa miezi minane akikata ziwa siku moja ili asisemwe. Na mtoto akizidi kukonda baada ya hapo, watu wanasema, unaona?

Ndugu zangu, maziwa ya mama hayaharibiwi na tendo la ndoa. Sisi tuliopita madrasa tuna la ziada katika hili. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikusudia kukataza ghila, kisha akaangalia akaona Warumi na Wafursi wanalifanya jambo hilo na watoto wao hawadhuriki, basi hakulikataza. Wanazuoni wamelieleza neno ghila kwa maana mbili: mume kukutana na mke anayenyonyesha, au mama kunyonyesha akiwa mjamzito. Maana zote mbili zinagusa yale yale yanayonong'onwa Mkata na Mombo. Hofu hii basi ni ya kale, na jibu lake lilipatikana kwa kuwatazama watoto wenyewe.

Anayekonda wakati huu tumtazame vivyo hivyo. Tutakuta uji mwepesi, ziwa lililokatwa, kuharisha kusikokoma, malaria, pengine kifua kikuu. Wahudumu wa afya wana utepe wa kupima mkono: kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, chini ya sentimeta 12.5 ni tahadhari, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu, na kipimo hicho hakina haja ya kujua siri za chumbani.

Kuhusu mimba, hata hivyo, kuna ukweli mmoja ambao wengi hawaujui. Katika miezi sita ya kwanza, mama anayenyonyesha maziwa peke yake usiku na mchana, na hajaona siku zake, uwezekano wa kushika mimba ni mdogo mno. Mtoto akianza kula, kinga hiyo haitegemeki tena, hata kama siku hazijarudi. Mimba inaweza kutangulia hedhi. Ndiyo maana mimba nyingi zisizotarajiwa huja mtoto akiwa na miezi minane au tisa, na kisha maziwa yanapungua kwa sababu ya mimba. Wazazi wanaotaka kutoa nafasi wazungumze na muuguzi wa kliniki mapema, siku ile ile wanapoanza uji. Zipo njia kadhaa zisizopunguza maziwa. Na mwenye mimba tayari, asikate ziwa kwa hofu. Mimba ikiwa salama, bila kutoka damu wala historia ya kuzaa kabla ya wakati, anaweza kuendelea kunyonyesha huku akiongeza chakula chake na cha mtoto.

Kwa akina mama wa kazini, yakiwemo mashamba ya mkonge ya Korogwe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawaziombi kwa kuwa hawajui kama zipo. Mama wa shamba lake mwenyewe, mtoto aje naye kivulini ikiwezekana. Isipowezekana, anyonyeshe kabla ya kutoka, akamue maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko kikae mahali penye ubaridi, na kwa joto letu yatumike ndani ya saa nne. Binti anayebaki na mtoto afundishwe kumpa hayo kwa kikombe kabla ya uji. Mama anayeishi na VVU ameze dawa zake kila siku, maana ndizo zinazomkinga mtoto, na muda wa kuachisha aupange na kliniki.

Imebaki habari ya kuachisha. Aya ya 233 ya Suratul Baqarah imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, ikamtwika baba chakula na mavazi ya mama, na kuachisha kabla ya hapo ikakufungamanisha na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Angalia inavyokuwa kwetu: mama mkwe ameamua, jirani ameunga mkono, pilipili au shubiri imepakwa kwenye chuchu, na baba anaambiwa akirudi kutoka Segera. Mkishauriana, pangeni muda ambao mtoto ni mzima, siyo anapoumwa au kuharisha, wala katikati ya palizi mama anaposhinda shamba. Anzeni kwa kuondoa kipindi kimoja cha mchana, mweke chakula chenye lishe mahali pake, subirini wiki, kisha kingine. Cha usiku kiwe cha mwisho. Kwa mwendo huo kuachisha huchukua mwezi mmoja au miwili, matiti ya mama hayavimbi, na mtoto mnaendelea kumpeleka kupimwa uzito kila mwezi kadi ikiwa mkononi.